Mkongwe arudi klabu yake ya zamani? Uliza kwanza kama klabu ina njaa au imeshiba

Kila dirisha la usajili likifunguka, vijiwe vya Kilosa mjini mpaka Mikumi vinapata cha kubishania. Ni lile swali la siku zote: mchezaji mkongwe, miguu imeshaanza kulalamika, arudi klabu aliyowahi kuichezea au awaache watu na kumbukumbu nzuri?

Wanaokataa jibu lao liko mdomoni: ex ni ex. Mliachana kwa sababu, ukirudi unazikuta sababu zako zimekaa palepale kwenye kochi zinakusubiri. Utani mtamu, lakini klabu si mchumba. Mchumba hahesabu pointi tatu kila wikiendi.

Wanaotaka arudi nao humtaja Emmanuel Okwi. Mganda huyo alirudi Simba 2017, akafunga mabao 20 msimu wa 2017/18, akawa mfungaji bora na Simba wakabeba ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 2012. Sawa, ila hebu tazameni umri: alirudi akiwa na miaka 24. Huyo si mkongwe, huyo ni kijana aliyekwenda kutembea akarudi. Clatous Chama ndiyo usiseme. Aliondoka Simba kwenda RS Berkane ya Morocco Agosti 2021, Januari 2022 yuko tena ndani ya jezi nyekundu. Hata kitanda kilikuwa hakijapoa!

Mtu wa kupimia jambo hili ni Mrisho Ngassa, maana alirudi Yanga mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani hata kidogo. Ya kwanza, 2013, alitokea Azam kupitia Simba alikokuwa kwa mkopo. Ilikuwa vurugu: Simba wakadai walishamsainisha, TFF ikamfungia mechi sita na kumtaka awarudishie Simba shilingi milioni 45. Kifungo kikaisha, na 2014 akawa miongoni mwa vinara wa mabao Ligi ya Mabingwa Afrika, mabao 6. Hapo hakuna wa kubisha.

Ya pili ndiyo inayogombanisha watu. Mwaka 2018, baada ya kuzunguka Free State Stars ya Afrika Kusini, Fanja ya Oman, Mbeya City na Ndanda, alirudi Jangwani akiwa na miaka 29. Yusuf Manji alishajiuzulu, hela hakuna, kocha Mwinyi Zahera anahimiza mashabiki wachange, bakuli linatembea. Ngassa mwenyewe hakuwa tena yule wa kuwakimbiza mabeki mpaka wanashika kiuno. Msimu ule Yanga wakamaliza wa pili nyuma ya Simba, na 2020 safari ikaisha. Ukihesabu makombe, kurudi kule kulikuwa hasara tupu.

Lakini hiyo ni hesabu ya kivivu. Klabu ikikosa fedha za kusajili majina mapya inahitaji mtu anayeijua, ambaye mashabiki wakimzomea haoni ajabu, ambaye dogo akimtazama vyumbani anaona kwamba hali hii mbaya ina mtu aliyeichagua kwa hiari. Mkongwe kwenye klabu yenye njaa ni mfanyakazi. Kwenye klabu iliyoshiba ni pambo: anapigwa picha, jezi zinauzwa, halafu benchi. Na benchi la timu kubwa linazeesha kuliko miaka. Shiza Kichuya alirudi Simba Januari 2020 akitokea Misri, akiwa na miaka 23 tu, akakuta nafasi zimejaa, baadaye akaenda zake Namungo. Kama kijana alikosa kiti, mwenye miaka 35 atakaa wapi?

Ndiyo maana wapenzi wa soka wa mkoa huu wanaoota wakongwe wao warudi Kariakoo wamegeukia upande usio. Manungu iko hapo Turiani. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka daraja 2024, wakapanda tena kucheza Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Timu iliyotoka huko chini ina vijana wenye mapafu. Inachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwaambia, dakika ya 80 mkiongoza bao moja, kwamba mpira unapelekwa kwenye kibendera cha kona na si golini. Hilo halihitaji kasi. Linahitaji aliyewahi kufungwa dakika ya 89 na bado anaikumbuka.

Kuna hoja moja ya wanaokataa ambayo haina jibu jepesi: nafasi ya dogo. Kila jezi anayovaa mkongwe, kuna kijana wa Kimamba au Ruaha anayeisubiri, na huyo hana jina la kumpigia debe kijiweni. Akikaa nje misimu miwili, kesho yuko kwenye bodaboda na kipaji chake. Hapo mkataba ndio uongee: msimu mmoja, alipwe kwa anachocheza, asipangwe kwa heshima. Akikubali hivyo, arudi hata kesho. Akianza kuvutana kuhusu namba ya jezi na unahodha, basi alichokuwa anataka ni kuagwa, na kuagwa ni kazi ya siku moja. Haruna Niyonzima Yanga walimuaga Julai 2021, siku ya mechi na Ihefu, na ilitosha.