Mtungi wa gesi umefika kijijini: kwa nini povu la sabuni litangulie kiberiti

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 si kitu cha kushangaza tena. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiigawa kwa bei ya ruzuku, na maduka ya vijijini nayo yanaiuza. Lengo la serikali ni kubwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2.

Mjadala mwingi umekuwa juu ya bei: nani atamudu kujaza mtungi ukiisha. Ni swali la haki. Lakini lipo jingine lisilopewa muda wa kutosha: mtungi ukishafika nyumbani, nani anamwonyesha mpishi namna ya kuufunga, kuupima kama unavuja, na kuuwasha?

Tofauti ya jiko la mjini na la kijijini

Maelezo mengi ya gesi yameandikwa kwa kufikiria jiko la mjini, ambalo halina moto mwingine ndani. Kijijini hali ni tofauti. Familia nyingi zikipata gesi haziachi kuni siku hiyohiyo. Gesi inachemsha chai ya asubuhi, maharage yanabaki kwenye mafiga. Usiku kuna koroboi. Yaani gesi inaingia katika chumba ambacho tayari kina moto.

Hapo ndipo hatari ilipo. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi ikatokea kwenye paa. Inashuka, inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kwenye jiko la kijijini, mafiga yapo hukohuko chini. Pia kiasi kidogo kinatosha: ikifika takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche moja inaweza kuiwasha.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali tunayoisikia huongezwa makusudi ili ituonye. Lakini jiko likiwa na moshi wa kuni, au mpishi akiwa na mafua, onyo hilo linaweza kupita bila kusikika. Kwa hiyo pua pekee haitoshi.

Kupima kwa sabuni

Kipimo kinachoaminika ni rahisi: maji kidogo, sabuni ya unga au ya maji, na kipande cha sponji au kitambaa. Koroga mpaka upate povu zito.

Mtungi mdogo wenye jiko la kufunga juu ufungie na kuupimia nje, penye hewa, mbali na moto, kabla haujaingia jikoni. Usimamishe wima. Angalia ile raba ya duara mahali jiko linapokaa: iwepo, isiwe imepasuka wala kukauka. Hakikisha koki ya jiko imefungwa, kisha kaza jiko kwa mkono. Paka povu kuzunguka maungio yote na koki, halafu tazama kwa dakika moja au mbili.

Povu likitulia, hakuna uvujaji hapo. Vikitokea viputo vinavyokua na kuongezeka, gesi inatoka. Kaza tena kwa mkono na upime upya. Viputo vikiendelea, mtungi usiingie ndani. Uache nje ukiwa wima, mbali na moto na watoto, na umwite wakala aliyekuuzia. Usizibe kwa gundi, nta wala mpira wa baiskeli.

Kwa mtungi mkubwa wenye regulata na mpira, zima kwanza kila moto ulio karibu. Funga koki zote za jiko, fungua gesi kwenye mtungi, kisha paka povu kwenye regulata na mpira wote, mwanzo hadi mwisho. Mpira wenye nyufa ubadilishwe.

Rudia kipimo hiki kila unapobadilisha mtungi. Na usipime uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

Kuwasha na kuzima

Fungua mlango na dirisha. Washa kiberiti kwanza, kisogeze kwenye jiko, ndipo ufungue koki taratibu. Ukifungua gesi halafu ukaanza kutafuta kiberiti, gesi inakusanyika ikikusubiri. Moto ukikataa, funga koki, subiri dakika tano hewa ipite, ndipo ujaribu tena. Ukimaliza kupika, funga koki, na kwa mtungi wenye regulata funga pia pale kwenye mtungi.

Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiwashe wala kuzima taa, usitumie simu humo ndani. Ikiwa hakuna moto unaowaka, funga koki na ufungue milango. Watu wote watoke nje. Ikiwa mafiga yanawaka, toa watu kwanza. Namba ya Zimamoto ni 114, ingawa kwa vijiji vingi gari lao liko mbali, na ndiyo maana tunasisitiza kipimo cha mapema.

Akiungua mtu, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu.

Wajibu wa nani?

Mnunuzi ana haki ya kuuliza. Mwambie wakala apime mtungi kwenye mizani, akufungie jiko, na apake povu mbele yako. Viongozi wa kijiji nao, mitungi inapogawiwa, waombe maonyesho hayo yafanyike hadharani kabla watu hawajatawanyika.

Kuna jambo moja huwa linasahaulika. Anayekwenda kuchukua mtungi mara nyingi si yeye anayepika. Baba anaonyeshwa dukani, lakini atakayewasha jioni ni mama, binti au msaidizi wa nyumbani. Kwa hiyo anayepika aende naye, au arudie kuonyeshwa nyumbani kwa sabuni na maji, mpaka aweze kufanya mwenyewe. Familia iliyopatwa na ajali ya gesi hurudi kwenye mkaa kwa hofu, na majirani zake huifuata. Hapo ruzuku yote inakuwa imepotea.