Homwaki Haina Dhehebu

Kuna kadi ya manjano, saizi ya kitambulisho, imeanza kugawiwa watoto katika kanisa moja la mtaa wetu hapa Kayole. Ina visanduku vya Jumapili zote za muhula. Mtoto akija ibadani anapigiwa muhuri. Akikosa muhuri mara mbili mfululizo, Jumatatu saa kumi jioni haingii ukumbini kufanya homwaki. Mwenye kadi ana miaka minane, tisa, kumi. Nimefundisha hesabu kwenye ukumbi huo kila Jumatatu na Jumatano kwa zaidi ya mwaka mzima, bila kulipwa hata nauli, na nasema wazi: kadi hiyo ni mbaya na ichomwe.

Wasee wa mtandaoni, msianze kushangilia. Ule wimbo wenu wa "makanisa ni biashara, yafungwe yote" sitauimba. Wengi wenu mnauandika mkiwa kwenye kochi Kilimani, na hakuna mtoto anayewagongea mlango akiuliza sehemu ni nini. Njooni huku saa kumi. Shule zimetoka. Mama yuko kibarua Industrial Area, ama anafua nguo za watu Donholm, na kufika kwake ni saa moja usiku. Nyumba ni chumba kimoja: kitanda, mtungi wa gesi, mtoto mchanga, tivii ya jirani inayopenya ukutani, na tokeni za stima zimeisha jana. Halafu mtaala mpya umemwambia huyu mtoto achapishe picha za mifugo wanne, azibandike kwenye manila, mzazi amsaidie. Mzazi gani? Na picha nne za rangi kwa saiba ni pesa ya unga.

Ukumbini kuna meza. Kuna taa. Kuna uji kwenye vikombe vya plastiki, na kuna mtu mkubwa anayeuliza, "Umefika wapi?" Hayo tu. Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda mwaka wa pili, na kuna mzazi aliyeuliza kwa sauti kama huyu ndiye wa kufundisha watoto wetu. Swali halali. Lakini kugawanya kwa tarakimu mbili hakuhitaji digrii, kunahitaji subira ya dakika 20 ambayo mwalimu mwenye darasa lililofurika hana. Kuna msichana wa gredi ya nne aliyekuwa akisoma herufi moja moja kama mtu anayehesabu sarafu. Kufikia muhula wa pili alinisomea ukurasa mzima bila kupumua, kisha akauliza kama kuna kitabu kingine.

Huyo ndiye kadi imemfungia nje. Kwao ni Waislamu.

Si yeye peke yake. Kuna wale wa Sabato, ambao Jumapili si siku yao. Na kuna kundi lingine, ambalo hakuna anayelitaja kwa sababu halina dini ya kutetea: watoto ambao Jumapili wanalinda mzigo wa mitumba mama akihangaika na wateja, kwa kuwa ndiyo siku ya mauzo. Mvulana mmoja alinionyesha kadi yake akaniambia, "Ticha, yangu iko na muhuri moja tu, lakini mathe amesema akiuza vizuri nitakuja." Kinachonikera zaidi ni hiki: shule ya Jumapili yenyewe ilipata umaarufu kwa ajili ya watoto kama huyo. Robert Raikes alianza yake kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, akiwafundisha kusoma watoto wa maskini, na aliwafundisha Jumapili kwa sababu siku nyingine walikuwa kazini. Kanisa lilisogeza ratiba yake limfuate mtoto. Sisi tunamtaka mtoto asogeze riziki ya mama yake aifuate ratiba yetu.

Nilimweleza pasta haya. Ni mtu mzuri, sisemi kwa kejeli. Uji huo kuna miezi ametoa mfukoni mwake. Akanijibu, "Kijana wangu, hii ni nyumba ya Mungu, si maktaba. Hatuwezi kulisha watu ambao hawataki kujua chakula kimetoka wapi."

Sawa, pasta. Basi tujue kimetoka wapi. Unga wa uji tunaletewa na mwenye duka la kona, na anasali msikitini. Madaftari yalichangwa na wenye maduka wa laini yetu yote, na hakuna aliyeulizwa anaabudu wapi. Tangazo langoni liliandikwa kwa herufi kubwa: WATOTO WOTE WA MTAA. Ukishakusanya kwa jina la wote, huwezi kugawa kwa jina la baadhi.

Na tusijifanye hili ni jambo geni. Wakristo wa kwanza wa Kikuyu waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kusoma na kubatizwa vilikuja kwenye mfuko mmoja, na ukikataa kimoja unanyang'anywa kingine. Mwaka 1929, misheni ya Waskoti ilitaka watu waweke sahihi au kidole gumba kuapa kwamba wameachana na tohara ya wasichana. Alama hiyo iliitwa kirore. Waliokataa, watoto wao walifukuzwa shuleni. Kuhusu tohara yenyewe mimi niko upande wa wamishonari, bila kusita. Lakini kumtoa mtoto darasani ili umkunje mzazi ni kumtumia mtoto kama kamba. Matokeo yake? Wazazi walijenga shule zao wenyewe, wakachanga mpaka wakafungua chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939. Serikali ya mkoloni ilikuja kuzifunga nyingi wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Kadi ya manjano ni kirore kidogo chenye picha ya njiwa.

Anayependa sheria asome Katiba ya 2010, kifungu cha 32: hakuna mtu anayepaswa kunyimwa kuingia taasisi au kupata huduma kwa sababu ya imani yake. Sitampeleka pasta kortini. Ila kile cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na hapo hasira yangu inahama. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya umma. Saa kumi na moja jioni ina madarasa matupu, madawati, stima ya serikali na askari mlangoni anayewafukuza watoto wanaocheza karibu na ukuta. Maktaba zipo, Buruburu, Makadara na Kaloleni, lakini mtoto wa miaka tisa hatavuka Outer Ring peke yake giza likiingia. Diwani akifungua madarasa manne tu mpaka saa kumi na mbili, hakuna mtoto atakayemhitaji pasta wala mimi. Kanisa limepata nguvu ya kuweka masharti kwa sababu ndilo mlango pekee ulio wazi, na aliyeufunga ule mwingine anakuja Jumapili kukaa kiti cha mbele na kutoa harambee.

Kwa sasa wale waliokosa muhuri wanafanyia homwaki kwenye ngazi za kinyozi, maana taa yake inawaka mpaka saa tatu. Jumatano nilitoka ukumbini mapema nikakaa nao. Kamati inakutana Jumamosi hii saa nane. Kadi ni ajenda ya nne, baada ya spika mpya. Wazazi wanaruhusiwa kuhudhuria, hata wasio na muhuri. Nimeuliza mara mbili.