Mafuriko na Samaki wa Mto Malewa

Mvua kubwa inyeshapo juu ya milima ya Nyandarua, mto Malewa hushuka kwa kishindo kuelekea ziwa Naivasha, maji yakiwa mekundu kwa udongo na magogo yakigongana. Wakaao kandokando hudhani kwamba samaki wote wamekwisha. Sivyo. Samaki wa mito ya milimani wameizoea gharika. Walio wakubwa hujibanza nyuma ya majabali na chini ya mizizi ya kingo, au huingia katika vijito vya pembeni visivyo na kasi, na maji yakipungua hurudi. Wako hata waingojeao mvua: samaki wadogo wa Naivasha, wa jamii ya Barbus, hupanda mto wakati huo ili kutaga mayai.

Kwa trauti mambo ni mengine. Huyu ni mgeni. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 yakatiwa katika mto Gura, upande wa pili wa Nyandarua, kisha yeye na jamaa zake wakaenezwa katika mito mingine yenye maji baridi, Malewa ukiwa mmojawapo. Jike huchimba kishimo katika changarawe, hutaga humo, na kuyafukia mayai. Mayai hayo huishi kwa hewa iliyomo katika maji yapenyayo kati ya vijiwe. Mafuriko yakiipindua changarawe, mayai huchukuliwa. Lakini wazazi wakisalimika, hasara hiyo hulipwa katika miaka michache. Tope ndilo baya zaidi. Huziba nafasi zote kati ya vijiwe, mayai yakafa pale pale yalipotagwa, na wadudu wa majini walio chakula cha samaki hutoweka pamoja nayo.

Tope hilo, kwa sehemu kubwa, hutoka katika shamba lililolimwa hadi ukingoni, ili mwenyewe apate matuta mawili zaidi ya viazi. Kanuni za serikali za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto uachwe bila kuendelezwa, kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30. Kwa mwenye eka mbili, hicho si kipande kidogo.

Kiangazi nacho kina mashaka yake. Mto hukatika ukawa vidimbwi, maji yakapata joto, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Mto Njoro, utokao Mau na kuingia ziwa Nakuru, zamani ulitiririka mwaka mzima. Siku hizi sehemu zake hukauka wakati wa jua kali. Samaki aliyeikimbia gharika hana pa kuukimbilia ukame, kidimbwi cha mwisho kikishakauka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mafuriko hufanya: huleta wageni. Wataalamu huamini kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifurika mabwawa ya kufugia samaki karibu na Malewa, na humo akatoroka samaki aitwaye kapu, mwenye sharubu fupi mdomoni. Kufikia mwaka 2010 yeye ndiye aliyejaza nyavu za wavuvi wa Naivasha kuliko samaki wengine wote. Maji ya tope hayamsumbui. Yeye mwenyewe huchimbua matope ya chini akitafuta chakula.