Mabishano ya Premio chini ya mwembe

MSOMAJI mpenzi, kama hujawahi kuona wanaume wazima, wenye mvi na heshima zao, wakitoleana macho kwa sababu ya gia ya gari ambalo si lao, basi hukuwa nasi Jumamosi ile tulipopeleka mahari upande wa Homa Bay.

Tulitoka Migori mjini alfajiri na magari manne. Premio nyeupe ya karani mmoja wa serikali ya kaunti ndiyo iliyoongoza. Nyuma yake Atenza nyekundu ya kijana anayeuza simu, kisha Probox iliyoshonwa kreti za soda na mabegi ya akina mama, na mwisho Allion ya shangazi yake bwana arusi, mama anayefanya biashara ya samaki kutoka Muhuru Bay. Awendo tukatambaa nyuma ya trekta la miwa mpaka watoto wakalala. Rongo tukaungana na mzee mmoja, rafiki wa familia, na Peugeot 504 yake ya rangi ya maziwa, kisha tukakata kushoto kuelekea Rodi Kopany.

Tulipofika, wazee wa ukoo waliingia ndani kuzungumza habari za ng'ombe. Sisi wengine tuliambiwa tungoje chini ya mwembe. Binamu yangu, mwalimu wa shule moja ya msingi huko Awendo, ndiye aliyewasha moto bila kujua. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayetaka pongezi, kwamba Jumatatu angelipa malipo ya kwanza ya Premio mpya.

Neno hilo "mpya" lina mambo yake kwetu. Gari jipya la mtu wa mshahara wa kawaida ni gari ambalo halijawahi kuwekwa nambari za Kenya, basi. Huko Japani limeshazeeka kidogo. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hivyo wengi wetu hununua lenye miaka 7, tukalipanguse vumbi la Mombasa na kuliita jipya. Tena Premio haiundwi tena. Toyota ilifunga ukurasa wake Machi 2021, na sheria hiyo isipobadilishwa, mlango wa kuziingiza utajifunga wenyewe kabla muongo huu haujaisha. Ndiyo maana mwalimu alikuwa na haraka.

Haraka hiyo ina bei yake. Mwalimu alikuwa amekubaliwa mkopo na chama chao cha akiba, wa kukatwa kwenye mshahara kwa miaka 4, na kifungua mimba wake amemaliza kidato cha nne anangoja kwenda chuo kikuu. Shemeji yangu, mkewe, hakulikataa gari. Alichokataa ni kulinunua kabla ya mtu kumweleza litakula kiasi gani baada ya kufika nyumbani. Swali hilo lilikuwa limelala kati yao wiki mbili nzima, na wote wawili walikuwa wamekuja nalo arusini.

"Mwalimu, umechagua vyema," akasema karani. Yake ina miaka 3 mikononi mwake, na anasema amebadilisha pedi za breki na magurudumu tu. Injini ni ya CC 1500, ambayo ushuru wake ni nafuu kuliko ya injini kubwa zaidi, vipuri vinapatikana hata Isebania, na siku ukikwama kifedha utaiuza kabla jua halijatua.

Kijana wa Atenza akacheka mpaka akashika mti. "Hiyo ni gari ya wachungaji na walimu wakuu," akasema. "Omera, weka watu 5 ndani, washa kiyoyozi, halafu upande vilima vya Kisii na hiyo 1500 yako. Utasikia inavyopumua." Yake ni ya dizeli, CC 2200, inashika barabara kama kupe, na viti vyake ni vya ngozi.

"Jaribu kuiuza," karani akajibu.

Hapo ndipo mzee wa Rongo alipoinuka kwenye kiti chake. Jamani, ukitaka kumwona mzee akirudi ujanani, mtajie Peugeot 504. Ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikatangazwa gari bora la Ulaya, na 1975 Ove Andersson akaishindia Safari Rally katika tope na vumbi letu hili hili. Hata kuundwa ikaundwa hapa Kenya. "Hizi zenu ni simu zenye magurudumu," akasema. "Taa moja ikiwaka kwenye dashibodi, mnakimbilia mtu mwenye kompyuta." Hakusema 504 yake hunywa petroli kiasi gani, na kwa heshima ya umri wake hakuna aliyemwuliza.

Wakati huo watoto wa boma walikuwa wamejaa ndani ya Atenza wakimsikiliza yule bibi wa Kijapani anayesema kwenye kioo cha ramani. Ukiwasha gari anakusalimu, na nadhani mpaka leo anaamini yuko Japani. Redio nayo, kama ilivyo kwa magari mengi ya huko, inaanza masafa ya 76, ikikaribia 90 na kitu inanyamaza, ndiyo sababu utaona familia nzima ikisafiri na kijiredio cha betri kimewekwa juu ya dashibodi. Lakini nimepotea njia.

Aliyetuliza kelele ni fundi wa jua kali kutoka Homa Bay mjini, kijana wa boma hilo tulilotembelea, aliyekuwa akitusikiliza huku akichonga kijiti cha meno. Alituuliza kama tunakumbuka D4. Wapo walioguna. D4 ilikuwa injini ya CC 2000 katika baadhi ya Premio za kizazi cha kwanza, zile zilizoanza 2001, na jina lake lilitisha watu kuliko fisi. Injini hiyo hurushiwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, kwa hivyo petroli chafu huisumbua upesi. Baadhi ya mafundi wakajaribu kuitengeneza kama walivyozoea kutengeneza kabureta za zamani. "Injini ikalaumiwa," akasema, "lakini nusu ya kesi ilikuwa yetu sisi mafundi."

Kisha akaja kwenye gia. Premio za kizazi cha 2007 zilikuja na gia isiyo na hatua, ile ya CVT. Ndani yake hamna gia ya kwanza wala ya pili. Mna roda mbili zinazojipanua na kujibana, na mkanda wa chuma unaopita katikati, ndiyo maana gari huongeza mwendo bila kustuka. Mkanda huo hushikwa na oili yake maalumu. Ukitia oili ya gia za kawaida, mkanda unaanza kuteleza, na unajisaga taratibu wewe ukiendelea kwenda kanisani.

Nilijua anachosema, na niliona haya kidogo. Gari langu dogo, nisilolitaja hapa kwa kuwa halina kosa, lilitiwa oili isiyofaa katika gereji moja nililoliamini kwa sababu mwenyewe alikuwa mcheshi. Haikupita miezi miwili likaanza kuguna kila nikipanda mlima. Malipo ya kubadilisha gia yale yangelipa karo ya muhula mzima, na ndiyo hasa pesa zilizolipa.

Kijana wa Atenza naye hakuachwa. Fundi alimwuliza safari zake ni zipi. Nyumbani hadi dukani, akajibu, na duka liko umbali wa dakika 10. Fundi akatikisa kichwa. Dizeli nyingi za kisasa, si za kampuni moja tu, zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu bila kusimama simama. Ukilizungusha mjini tu, masizi hujaa. "Basi leo umelifanyia hisani," fundi akamwambia, "umelileta mpaka huku."

Kuhusu barabara hakukuwa na ubishi. Lami ya Migori kwenda Rongo haisumbui gari dogo, isipokuwa matuta yake. Ukiacha lami upande wa Ndhiwa wakati wa mvua, ule udongo mweusi hunata kama ugali usioiva, na gari lolote lililo chini chini litalala tumbo. Karani alikiri kuwa yake ameiinua kwa vipande vya mpira juu ya springi, na kwamba tangu siku hiyo tairi za mbele zinalika upande mmoja. Hakuwa ametaja hilo alipokuwa akiisifu!

Shangazi alikuwa ametoka nje kupunga upepo muda mrefu, hajasema neno. Akaenda kwenye Allion yake, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na Premio, akafungua kisanduku cha mbele na kurudi na daftari la shule lenye jalada la buluu, kona zake zimeliwa.

Nililishika daftari hilo. Kila ukurasa una tarehe, kilomita, jina la oili, nani aliifanya kazi, kiasi alicholipwa. Kurasa za kwanza zimeandikwa kwa mkono mwingine, wa afisa wa afya mstaafu aliyemwuzia gari. Kila kilomita 5,000 kuna mstari. Mahali pamoja pameandikwa, "Fundi alitaka kutia oili nyingine. Nimekataa." Mahali pengine kuna alama ya magamba ya samaki.

"Mwalimu," akaanza, "hiyo Premio yako imetembea kilomita ngapi?"

"Elfu 60, Mama."

"Nani kakuambia?"

"Muuzaji."

"Na muuzaji kaambiwa na nani?"

Mwembe mzima ukanyamaza. Hata mzee wa 504 aliketi.

Shangazi hakusoma chuo cha magari. Alijifunza kwa kuumwa, anasema, kwa gari la kwanza alilonunua kwa kupenda rangi. Akamweleza mwalimu kwamba huko Japani magari mengi yaliyotumika hupitia mnadani, na kila moja hukaguliwa na kuandikiwa karatasi: kilomita, alama ya ubora, kila mkwaruzo na kila mahali palipopigwa rangi upya, pamoja na nambari ya chesisi. Mjapani haliuzi gari kwa sababu ni bovu, la. Gari jipya la familia hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waliuze lingali zima. Kwa hivyo gari zuri lipo, na karatasi yake ipo. Mwenye nambari ya chesisi anaweza kuitafuta hata kama muuzaji hanayo. Na likiwa limeshawekwa nambari za Kenya, jina la mwenyewe linatafutwa kwenye mfumo wa NTSA kabla hata shilingi moja haijatoka mfukoni.

"Na macho umepewa bure," akaongeza. "Gari la kilomita 60,000 mpira wa pedali ya breki hauwezi kuwa umelika mpaka chuma kinang'aa. Usukani hauwezi kuwa laini kama kiganja cha mvuvi. Ukiona hivyo na saa inasema 60,000, jua kuna mtu aliyeirudisha nyuma."

Karani akajaribu kusema kwamba Premio ni Premio. Shangazi akamgeukia kwa upole, akamwuliza oili ya gia ya Premio yake ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Karani akatazama juu ya mwembe kana kwamba jibu limening'inia huko. Miaka 3, pedi za breki na magurudumu tu, kumbe sifa ile ndiyo iliyokuwa shtaka.

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi, na nadhani alisikia yote. Hakusema kitu. Tuliitwa kula: samaki, kuku, ugali, na mahari yakaisha vizuri, ng'ombe wakakubaliwa. Wakati wa kurudi mwalimu aliomba kupanda Allion. Mpaka tunamshusha Awendo alikuwa bado analifunua daftari kwa mwanga wa simu.

Jumatatu saa 5 alinipigia. Alikuwa amefika kwa muuzaji na kuomba ile karatasi ya mnada. Akaambiwa ilipotea bandarini. Akaomba basi nambari ya chesisi ainakili. Akaambiwa arudi Jumatano, kwamba mwenye ufunguo amesafiri.

"Pesa umetoa?" nikamwuliza.

"Bado ziko kwenye chama," akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini shemeji yako ameshanunua daftari."