Kiwanda cha mvinyo cha shangazi... nimeumbuka!

Wale mliokuwa mnauliza wiki iliyopita nimepotelea wapi, sikuugua wala sikuhama mji. Nilikuwa kusini, kijijini Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, nikilipa deni la mdomo wangu mwenyewe. Sikilizeni mkasa.

Nina mshkaji wangu mmoja hapa Dar, mtu wa kujisikia kidogo. Alikwenda Dodoma akatembezwa kwenye kiwanda cha mvinyo, na tangu arudi kijiweni hatukai. Mara ghala lenye baridi, mara matangi makubwa, mara oh, mvinyo haunywewi kama soda, unaonjwa! Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na yeye kila mavuno anatuhadithia upya.

Siku moja nikachoka, nikamkata: "Wewe umetembelea kiwanda cha watu. Sisi kwetu familia ina cha kwake." Kijiwe kizima kimya. Nikajiona bomba! Kumbe najichimbia kaburi. Mwezi wa kumi na moja jamaa akaja na tiketi mbili za basi mkononi. "Twende kwenu nikaonje."

Ukweli wenyewe ni huu. Shangazi yangu anatengeneza uraka. Kwa nyie mliozaliwa Sinza, uraka ni pombe ya mabibo, lile tunda la mkorosho ambalo korosho huning'inia chini yake. Miaka yote nikiulizwa shangazi yako anafanya nini, najibu "ana biashara ya vinywaji", halafu haraka haraka nahamia kwenye mpira.

Basi bwana, tukapanda gari alfajiri Mbagala. Tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, tukapita Nangurukuru, tukaenda mpaka Nanganga, tukakata kulia kuelekea Ruangwa. Njia nzima mwenzangu anaulizia aina ya zabibu zetu. Mimi najifanya nimelala. Tukalala Ruangwa mjini, asubuhi bodaboda mpaka Nambilanje. Mikorosho huku na huku, chini mabibo mekundu na ya njano yamelala kama zulia, harufu tamu iliyoanza kuchacha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu, karibuni, poleni na safari."

Mshkaji hata maji hajanywa: "Shangazi, tumekuja kutembelea kiwanda cha mvinyo."

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama kuku. Nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie. Lakini yule mama hakunichoma. Alikaza kanga yake kiunoni, akasema, "Haya, karibuni kiwandani."

Kiwanda chenyewe ni banda la nyasi nyuma ya jiko. Binti yake alikuwa amekaa na ungo, anazungusha korosho moja moja na kuzichomoa kwenye mabibo. Korosho upande huu, zinakwenda kuanikwa. Mabibo upande ule. Shangazi akaeleza kwamba bibo halina subira, likianguka leo, kesho limeharibika, ndiyo maana kazi inaanza kabla ya jua kali. Mabibo yanaoshwa, yanapondwa kwenye kinu, yanakamuliwa, maji yake yanachujwa na kumwagwa kwenye ndoo zenye vifuniko. Haongezi sukari, haongezi hamira. Utamu umo ndani ya tunda, na chachu inakuja yenyewe. Kesho yake panatoa povu, na hapo ulabu uko tayari. Ukiuacha siku nyingi unageuka siki.

Kuonja sasa! Mshkaji akapewa kikombe cha plastiki. Akakizungusha kama alivyofundishwa Dodoma, akatia pua, akafumba macho. Kisha akabwia. Ee Mola! Nyie mnaujua ule ukakasi wa bibo? Ulimkamata kooni akakohoa mpaka machozi, binti akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Huo ni wa jana," akasema shangazi bila kutabasamu. "Sasa onja wa juzi." Wa juzi ulikuwa mkavu, mkali kidogo, na baada ya vikombe vitatu jamaa alianza kumwita shangazi "mama mkwe".

Alipotulia akatoa elimu yake, kwamba mvinyo wa Dodoma ulianzishwa na wamisionari. Shangazi akaweka kata chini. "Kumbe padri akitengeneza ni mvinyo, mimi nikitengeneza ni pombe ya kienyeji?" Hakuna aliyejibu. Na shangazi huyo kanisani hakosi.

Jioni tulipobaki wawili akaniuliza polepole, "Huko Dar unawaambia watu mimi nafanya nini?" Nikamwambia ukweli, vinywaji, kiwanda, yote. Akanyamaza kidogo, halafu akanikumbusha hesabu ambayo mimi nilikuwa nimeichimbia shimo.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2015. Januari 2016 ada ikafutwa. Bahati yangu hiyo! Mimi ni wa enzi za ada ya kutwa shilingi 20,000 kwa mwaka, bila kuhesabu sare, madaftari na michango. Fedha za korosho zinapita chama cha msingi, ghalani na mnadani, ndipo zikufikie. Stakabadhi ghalani imeanza mwaka 2007, ina faida zake, lakini ticha hasubiri mnada. Ndoo ya uraka inalipa siku hiyo hiyo. Yale madaftari yangu yote yametoka humo.

Akanikumbusha na msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba. Bei ilikuwa tamu, lakini wapo waliosubiri miezi fedha ziingie. Nyumbani kwake walikula kwa uraka.

Na mjue, angeweza kupata mkwanja zaidi. Jamaa mmoja alimletea bomba na pipa, akitaka uraka ule uchemshwe utoke gongo. Shangazi akamrudisha na bomba lake. Gongo bila leseni ni jela tangu Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na yeye anawajua kwa majina waliomalizwa nayo. Ana sheria zake pia: mtoto hauziwi, mkopo hakuna, na mwanamume mwenye fedha za mnada mfukoni anaambiwa apitie nyumbani kwanza. Sisemi pombe haina ubaya. Wapo wanaoimaliza korosho ya mwaka mzima msimu huo huo. Ndiyo maana zile sheria zipo.

Sasa niwape moja ya kijiweni. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, wakaupanda huku pwani yetu na wakaupanda Goa, India. Kule Goa nao wana kinywaji cha mabibo kinachoitwa urrak. Lisikilizeni vizuri jina hilo! Wao wanakichemsha, wakirudia tena wanapata feni. Mwaka 2009 feni ikasajiliwa kisheria kuwa ni mali ya Goa, na watalii wanalipa wakaonyeshwe inavyotengenezwa. Kwetu bibo, lenye vitamini C kuliko chungwa, ambalo ni zito mara kadhaa kuliko korosho yake, mengi tunayaacha yaoze chini ya mti. Machache yanayookolewa yanaokolewa na akina shangazi, halafu sisi tuliosomeshwa nayo tunawaonea aibu.

Tuliporudi nilijua naumbuliwa. Kijiwe kikauliza, "Enhe, kiwanda vipi?" Mshkaji akanitazama kwanza. Akasema, "Kipo. Kidogo, lakini mwenye nacho anakijua kuliko wale wa Dodoma." Nikaona hapana, safari hii namalizia mwenyewe. Nikawaambia: shangazi yangu anatengeneza uraka Nambilanje, na ndio ulionisomesha.

Mmoja tu alicheka. Wengine waliuliza mabibo yanaisha lini.

Tukutane wiki ijayo.