Dawa Kali Si Ushujaa: Askari na Ngozi ya Uso Wake

Askari hutambulikana kwa unadhifu wake. Kabla bendera haijapandishwa, viatu vimekwisha kung'aa, mkanda umekazwa, na kidevu kimenyolewa. Desturi hii hatuipingi, kwa maana nidhamu ya mwili ndiyo mlango wa nidhamu ya kazi. Lakini leo twapenda kusema na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya jambo ambalo wengi wao hulionea haya na kulinyamazia, nalo ni maradhi ya ngozi ya uso pamoja na dawa zinazotumiwa kuyaondoa.

Kila kambi ina vijana ambao mashavu na shingo zao zimejaa vipele vya wembe. Si uchafu, wala si uzembe. Unywele uliojikunja ukikatwa karibu mno na ngozi hubaki na ncha kali. Ukiota tena hujipinda na kuichoma ngozi ile ile ulikotoka. Mwili huuona unywele huo kama mgeni aliyevamia, nao huanza kupigana naye. Ngozi huvimba, huwasha, pengine hutunga usaha, na mwishowe huacha madoa meusi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na madaktari ni kwamba wanaume weusi wanaonyoa na kupatwa na ugonjwa huu ni baina ya 45 na 83 kwa kila mia. Basi mwenye vipele asidhani kwamba yu peke yake.

Hatari huanza pale kijana huyo anapotafuta dawa kwa siri. Rafiki humshauri anunue krimu ya retinoli, ambayo sifa zake zimeenea kila mahali. Retinoli ni ya jamii ya vitamini A. Dawa ya jamii hiyo iliyo kali zaidi, tretinoini, iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1971 kwa kutibu chunusi, na hata vipele vya wembe madaktari huvitibu kwayo. Hatusemi kwamba ni sumu. Huihimiza ngozi kujifanya upya upesi, na mwenye ngozi ngumu huweza kufaidika nayo. Lakini hukausha, hubambua, huchoma, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Anayeshinda kivulini aweza kuvumilia. Je, askari anayelinda daraja saa nane za mchana huko Moroto? Je, yule aliyetumwa Mogadishu, mji ambao majeshi yetu yaliingia mwaka 2007, penye jua na upepo wa chumvi? Tena ngozi nyeusi ikichubuliwa na dawa hujibu kwa madoa meusi zaidi, yale yale aliyotaka kuyaondoa. Ndugu zetu askari wanawake nao wakumbuke kwamba dawa za jamii hii hazifai kwa mja mzito.

Mbaya kuliko retinoli ni krimu za kujichubua zenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi zisizoandikwa na daktari. Zebaki huharibu figo. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliziweka krimu za zebaki katika orodha ya vitu vya kukomeshwa. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 polisi wa jirani zetu Rwanda waliingia madukani kuzikamata krimu haramu. Itakuwa aibu iliyoje, polisi azikamate sokoni asubuhi, na jioni ajipake nyingine kama hizo chumbani mwake!

Zipo dawa za upole. Ya kwanza ni asidi ya azelaiki, ambayo kwa asili hupatikana katika nafaka kama ngano na shayiri. Hupunguza chunusi, uvimbe na madoa meusi pia, wala haimfanyi mtu aungue na jua kama retinoli. Siku za mwanzo huwasha kidogo, na matokeo yake hutaka subira ya miezi miwili au mitatu. Ya pili ni niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ambayo huituliza ngozi na kuisaidia kuhifadhi unyevu wake. Ya tatu ni bakuchioli, itokayo katika mbegu za mmea uliotumiwa tangu zamani na waganga wa India na China. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2019, watu 44 walitumia ama bakuchioli ama retinoli kwa majuma 12. Mikunjo na madoa yalipungua kwa pande zote mbili, lakini wa retinoli ndio waliobambuka na kuchomwa zaidi. Watu 44 ni wachache, kwa hiyo tusiisifu kupita kiasi. Wala mtu asijipake mbegu zenyewe, kwani zina kitu kinachoiunguza ngozi ikipigwa na jua.

Asiye na fedha za hayo yote asikate tamaa. Mafuta ya shea, ambayo ndugu zetu wa kaskazini huyaita moo yao, hayaondoi madoa, lakini hulainisha na kuilinda ngozi kavu. Nayo ni mali ya nchi yetu wenyewe.

Hata hivyo, dawa bora ya vipele vya wembe ni kuacha kunyoa karibu mno. Aliyepatwa apumzishe wembe kwa majuma kadhaa. Kisha atumie mashine inayobakiza ndevu fupi, au anyoe baada ya kulowesha uso kwa maji ya moto kiasi, akiufuata mwelekeo wa nywele bila kuivuta ngozi.

Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wetu. Askari hawezi kupumzisha wembe ikiwa ndevu za siku tatu zitamtia kizuizini. Mwaka 2020 Jeshi la Anga la Marekani liliruhusu cheti cha daktari kwa ajili ya vipele kidumu hata miaka 5. Mwaka 2025 wakuu wa nchi hiyo wakaikaza tena amri ya kunyoa. Sisi hatulazimiki kuwafuata katika hili. Majeshi yetu ni ya watu weusi watupu, nasi twawajua watu wetu. Twaomba neno la mganga wa kambi liheshimiwe, na ndevu fupi zilizopangwa vizuri zisihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu.

Nanyi, ndugu askari, msione haya kwenda zahanati. Kuvumilia maumivu vitani ni ushujaa; kuuchoma uso wako mwenyewe kwa dawa usiyoijua si ushujaa.