Kipuri Kilicholika Kisitupwe

Pikipiki ya BSA M20, iliyoundwa Birmingham na kutumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, haifufuliwi kwa nguvu za mkono. Baadhi ya bolti za pikipiki za zama hizo zina meno ya nyuzi 55, kwa kipimo alichokitoa Joseph Whitworth mwaka 1841. Zile za metriki zina nyuzi 60. Kulazimisha hizi katika tundu la zile ni kuliharibu.

Kwa maoni yangu, bolti ya asili iliyolika isitupwe. Kwanza ipimwe na kuchorwa, ndipo fundi akereze nyingine mfano wake, aitie alama ya nakala. Ile kuukuu ihifadhiwe: ndiyo shahidi wa vipimo vya waliotangulia. Ikipotea, wajao watabaki kukisia.